Nyasi za Mbuzi Zilizofunika Mizabibu ya Velga

Saa tatu asubuhi, Velga Strautmane amekaa jikoni kwake karibu na mji wa Kandava, miwani puani, wembe mkononi. Mezani kuna vijiti ishirini vya mzabibu alivyotoka kuvikata shambani. Kila kijiti kina jicho, pale chipukizi linapolala hadi majira ya joto. Likipasuliwa likawa kahawia, limekufa. Likiwa kijani, liko hai.

Anavipanga kimoja kimoja. Ana umri wa miaka sabini na mmoja, na mzabibu mpya hukaa miaka minne kabla ya kuzaa.

"Mizabibu hii ikiwa imekufa, mimi sianzi tena," anasema. "Sina miaka ya kuchezea."

Kosa ni lake, na halifichi. Katikati ya Februari jua liliwaka siku tano mfululizo, theluji ikayeyuka. Velga, aliyegawa barua kijijini kwa miaka thelathini, akafunua mizabibu yake mia moja na arobaini kabla ya wakati. Matawi ya msonobari yaliyoikinga na baridi akayachoma moto, kisha akapanda basi kwenda mjini Riga kumwona mjukuu.

Siku ya tatu baridi ikarudi, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.

"Kiherehere changu! Nililia mbele ya mkwe wangu, aibu tupu."

Alirudi jana jioni. Leo kulipopambazuka alikuta shamba zima limefunikwa kwa nyasi kavu, mstari kwa mstari.

Aliyefanya hivyo yuko mlangoni, anakung'uta viatu. Ni jirani yake Gunvaldis, mfuga mbuzi, ambaye kwa miaka kumi na moja amekuwa akimwambia kuwa nchi hii ni ya viazi.

"Bado hujavichinja vijiti, jirani?"

"Nyamaza, nahesabu."

"Hesabu. Mbuzi wangu nao wanahesabu siku. Wamebakiwa na chakula cha wiki mbili, kingine kiko juu ya mizabibu yako."

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ungeanza kunifundisha namna ya kutandaza."

Velga anapasua jicho la kwanza. Kahawia. La pili, kahawia. Gunvaldis anaacha utani, anavua kofia. La tatu ni kijani, kijani kibichi. Kisha la nne, la tano. Mpaka vijiti vinaisha, kumi na sita viko hai.

Velga anaweka wembe chini, anafuta miwani kwa aproni. "Asante, Gunvaldis. Mungu akupe afya. Sijui niseme nini zaidi."

"Sema kahawa iko wapi."

Anamimina kahawa, anakata mkate mweusi, na huku akipaka siagi anataja mpango wake. Kipande cha chini cha shamba, karibu na kijito, alikitenga kwa mizabibu thelathini mipya. Miche ameshaiotesha kwenye makopo dirishani.

"Miche nitaigawa. Pale tunapanda majani ya mbuzi wako."

Gunvaldis anakunywa kahawa yake, hamtazami. "Panda majani mapana," anasema. "Hayo membamba hawayapendi."