Medali ya Kiunoni mwa Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kijijini kwetu karibu na misheni ya Kate, mwanamke hakwenda kuzaa bila medali ya Bikira Maria kiunoni. Kanisa halikuagiza hivyo. Padri alizibariki tu na kutuambia tusali. Yaliyobaki waliyaongeza bibi zetu: ifungwe kwa uzi mweupe chini ya khanga, na isivuliwe mpaka mtoto alie. Ikivuliwa katikati, uchungu unarudi nyuma.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyesimamia mambo hayo. Alikuwa mkunga wa jadi, na nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Lakini mimba ya mwisho ya Mama ilimtia wasiwasi. Alilipapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, twende zahanati. Tulikwenda asubuhi kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, mvua ikinyesha, mimi nikishikilia beseni la khanga.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja siku ile, binti wa Mbeya, mlokole wa kuamka alfajiri na kuomba kwa sauti. Mhudumu wake alikuwa amekwenda Namanyere kufuata dawa, na kwa tope lile hakuna gari ambalo lingefika. Nesi alimpima Mama, akaona uzi.

"Hii nini?"

"Medali," Bibi akajibu.

"Hirizi mnaibatiza, mnaiita medali. Itoke. Hapa tunamwita Yesu peke yake."

"Kwani huyo Yesu alijizaa? Namwomba mama yake atuombee. Wewe huna picha ya mama yako ukutani?"

"Ninayo, ila siipigii magoti."

"Ndiyo maana huolewi."

Leo nimezaa mara nne na ninajua uchungu ukoje, kwa hiyo nikiukumbuka mjadala ule natamani kurudi niwazabe vibao wote wawili. Mama yangu alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, jasho linamtoka, na wenye ujuzi wanagombania watakatifu juu ya tumbo lake.

"Jamani," Mama akasema, "kagombaneni nje." Kisha akaufungua uzi yeye mwenyewe, akanipa medali. "Skola, shika. Usiiangushe."

Bibi alitoka, akaketi kwenye benchi la kibarazani, akajifunika khanga kichwani. Nami nikaketi pembeni yake, medali kiganjani.

Haukupita muda mrefu, sauti ya Mama ikapungua. Nikafurahi, nikidhani amepata nafuu. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa. "Si nilisema? Uchungu unarudi."

Na kweli ulikuwa unarudi. Siku hizi ninajua kwamba mwili uliochoka unaweza kufanya hivyo wenyewe, medali iwepo isiwepo. Siku ile nilijua kitu kimoja tu: Bibi alisema, na imekuwa.

Nesi akatokea mlangoni, glavu mikononi, uso umebadilika. "Bibi, mtoto anatanguliza matako. Niko peke yangu. Njoo unishikie."

"Mrudishie medali kwanza."

"Siwezi. Dhamiri yangu hainiruhusu."

"Na yangu hainiruhusu kuingia."

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, si kwenye medali. Mikono minne ilihitajika ndani, na miwili ilikuwa imekunjwa kibarazani. Nesi akarudi ndani akikimbia. Nikamfuata mpaka kwenye pazia, nikamwona Mama amefumba macho, midomo imekauka. Sikuthubutu kupita. Niligeuka, nikarudi kwa Bibi, ngumi nimeifumba.

"Bibi, nimemfunga medali. Nesi hakuona."

Alinitazama. Nilijua kusema uongo juu ya Bikira Maria ni dhambi ambayo sikuwa hata na jina lake. Lakini Bibi alikwisha kusimama. Akanawa mikono, akaingia, nami nikabaki nimelishika pazia.

"Unayo?" akamwuliza Mama, akimwinamia.

Mama akafumbua macho. "Ninayo, mama."

Nilishangaa hata nikasahau kuogopa. Medali ilikuwa kiganjani mwangu, imenichora alama.

Sitasimulia yaliyofuata, wanaojua wanajua. Bibi alimshikilia Mama, akamwelekeza nesi mahali pa kukandamiza na wakati wa kuacha, na nesi alimtii kama mwanafunzi. Mdogo wangu wa kike alitoka wa bluu, akakaa kimya, kisha akalia.

Kuanzia Jumapili iliyofuata, Bibi aliwasimulia wanajumuiya jinsi Bikira Maria alivyomshinda nesi. Nesi naye, nilisikia, alitoa ushuhuda kanisani kwake kwamba hirizi ilipovuliwa, Bwana akatenda. Wote wawili walishangiliwa.

Nimeolewa na Mmoravian, na kwake watakatifu ni watu wa kuigwa, si wa kuombwa. Dada yake ni mlokole, hataki hata kuiona rozari yangu mezani. Mama mdogo naye anasema nimepotea kwa kuolewa huko. Kila Krismasi wanaianza vita ileile, mimi napika. Nimejaribu kuwaeleza kwamba Mkatoliki anamheshimu Maria, hamwabudu. Wanaitikia kwa adabu, kisha wanaendelea pale walipoishia.

Miaka mingi baadaye, Bibi akiwa amekwisha kufa, tulikuwa tunapukuchua mahindi nikamwungamia Mama uongo niliomwambia Bibi siku ile. Hakuacha kupukuchua.

"Kiuno si changu? Nilijua."

"Sasa mbona ulimwambia unayo?"

"Ningesema sina, angetoka. Na ningekataa kuivua, yule binti angenihudumia kwa kinyongo. Niliwataka wote wawili ndani."

Nikamwuliza yeye mwenyewe aliamini nini saa ile.

"Nilikuwa nasali Salamu Maria kimoyomoyo, tangu mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."