Mwaka Nilipoosha Mpira kwa Sabuni

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba kufundisha timu ya mpira ni kazi rahisi, namtazama tu. Niliifanya kazi hiyo miaka mitatu pale Bariadi, siku zile tulipokuwa bado chini ya wilaya ya Maswa, na wala sikuiomba. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi na nilikuwa na filimbi. Mwenyekiti alipouliza mkutanoni ni nani atakayeinoa timu yetu, watu wote waligeuka wakanitazama, kwa sababu ya ile filimbi. Miaka ile ya Ujamaa mambo yaliamuliwa kwa pamoja, tena mbele ya mhusika mwenyewe kabla hajafungua kinywa.

Miaka miwili ya mwanzo tulikwenda vizuri. Mwaka wa tatu tulifungwa. Tulifungwa Nyalikungu manne bila, tukafungwa nyumbani, tukafungwa kila tulikopelekwa na lori la pamba. Tulikuwa tunakwenda tukiimba juu ya marobota na kurudi kimya. Mashindano ya wilaya yalikuwa na sheria moja isiyo na huruma: timu itakayoshika mkia haialikwi mwaka unaofuata. Zilipobaki mechi mbili, mkia tulikuwa tumeushika sisi, tena kwa mikono miwili.

Kufungwa kungeweza kuvumilika. Kilichonitia wazimu ni namna tulivyofungwa. Nahodha wetu alikuwa beki wa kati, na nahodha huyo alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Mshambuliaji wetu hodari alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba. Sasa, karani akirudi nyuma kuutafuta mpira, akaupata, na kaka yangu amesimama hatua tatu kutoka kwake, peke yake, hana adui, karani hampi. Ataupiga mbele ovyo, ataupiga nje, atauzungusha mpaka anyang'anywe, lakini kaka yangu hampi. Wengine nao wakaiga. Mpira ukawa unamzunguka nahodha kama watu wanavyozunguka dimbwi. Na yeye hauombi. Amesimama pale na mkono kiunoni, washambuliaji wa watu wanampita kulia na kushoto, anawatazama tu.

Nilimwita karani pembeni siku ya mazoezi, nikamuuliza kuna nini kati yao.

Alikuna kichwa, akatazama chini. "Mwalimu, ni mambo ya ngoma haya. Mimi niko kundi lile, nahodha yuko kundi hili. Msimu huu hatupeani kitu."

Nilijua anachosema. Kwetu pamba ikishauzwa, mavuno yakawa ndani, makundi mawili ya ngoma hupambana. Wanacheza siku moja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na lile linalowavuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Kila kundi lina mganga wake na dawa zake za kuvuta watu, kwa hiyo msimu huo mtu wa upande huu hapokei kitu kutoka mkono wa mtu wa upande ule. Si tumbaku, si kata ya maji. Hayo niliyakuta tangu kuzaliwa. Lakini mpira!

"Mpira si unapigwa kwa mguu?" nikamuuliza.

"Mguu nao, mwalimu," akasema, bado anatazama chini.

Nilipandwa na hasira ambazo nikizikumbuka sasa nazionea aibu. Chuoni tulifundishwa kwamba adui zetu ni ujinga, umaskini na maradhi, na mimi niliona ujinga umesimama mbele yangu umevaa njumu. Niliwakusanya wote. Niliagiza karai la maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Mbele ya timu nzima niliuosha ule mpira wa ngozi, nikausugua mpaka kwenye kamba zake, huku nikitoa hotuba. Niliwaambia kwamba dawa yoyote iliyokuwemo sasa imekwisha, na kwamba taifa haliwezi kujengwa na watu wanaoogopa kupasiana. Wakanisikiliza kwa adabu. Kaka yangu alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mpira ulilowa ukawa mzito kama jiwe, ukachukua siku mbili kukauka, na mechi iliyofuata tulifungwa matatu.

Ikabaki njia moja, nayo ndiyo iliyoninyima raha. Ilikuwa ni kuwatoa wote wawili.

Karani hakunisumbua. Kaka yangu ndiye. Baba alipofariki, yeye aliacha shule darasa la pili akashika ng'ombe ili mimi niendelee, na niliendelea mpaka chuo cha ualimu. Mama alikuwa anakaa kwake. Mimi mwenyewe nilikuwa na nyumba yangu ya udongo ndani ya ua wake, nikila chakula kilichopikwa jikoni kwake. Kumtoa mtu kama huyo mbele ya watu ni kumwambia amekwisha, na anayemwambia ni mdogo wake aliyemsomesha. Ningeweza kuibakiza timu na kupoteza nyumbani. Niliwaza hivyo wiki nzima, kisha kila nilipokumbuka ule mkono kiunoni, hasira zilinirudia upya.

Na akiba yangu ilikuwaje? Nicheke au nilie. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa kwenye safu ya maduka, Mwislamu, mfupi, ambaye baba yake alihamia kutoka Tabora na kufungua duka la vitambaa. Ngoma zetu hazikumhusu. Misimu miwili alikaa kwenye benchi akiwapindia wenzake bukta, na mpira ukipasuka ndiye anayeushona. Wa pili alitokea Bukundi. Alileta ng'ombe mnadani, akafikia kwa shangazi yake, akasahau kurudi. Njumu alizikataa, alisema zinamfunga miguu. Kundi lake la ngoma liko Bukundi huko, kwa hiyo hapa hakuwa na ugomvi na mtu. Nilimweka akiba kwa sababu alikuja mazoezini kila siku na sikuwa na ubavu wa kumfukuza.

Nilisoma majina Jumamosi baada ya mazoezi. Nilisoma haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Beki wa kati: fundi. Mshambuliaji wa kati: yule wa Bukundi. Karani alifungua kinywa kama anayetaka kusema jambo, kaka yangu akamtazama, akakifunga. Kisha kaka yangu akavua jezi yake, akaikunja vizuri, akampa karani. Karani akaipokea, akaniletea.

"Sawa, mwalimu," kaka yangu akasema kutoka pale aliposimama.

Siku zote aliniita mdogo wangu. Hiyo "mwalimu" ilinichoma, na kwa kuwa ilinichoma nikakasirika zaidi, nikaitupa jezi kwenye gunia.

Nyumbani yakawa yale niliyoyaogopa. Kaka alihamisha chakula chake, akawa anakula nyuma ya ghala la mtama na watoto wake. Nikimwamkia ananiitikia, halafu basi. Shemeji aliniletea ugali mlangoni kwangu kama anavyoletewa mgeni. Mama akaniuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, kaka yako umemfanya nini?" Nikamwambia ni mambo ya mpira. Mama akasema basi mpira huo ni mbaya, akaenda zake.

Tulikwenda Lalago na timu ya mabaki, na watu walitucheka tangu tunashuka kwenye lori. Fundi alikuwa anamfikia mshambuliaji wao begani. Lakini yule mtu alikuwa amekaa kwenye benchi misimu miwili akitazama, na kumbe alikuwa anatazama kweli. Alijua nani hukata kulia, nani anafumba macho akipiga kichwa. Hakukimbia sana, alitangulia kufika tu. Na mdomo wake haukutulia. "Rudi, rudi! Wewe, huyo wako! Mpe, mpe upesi!" Wakapeana. Mungu wangu, wakapeana! Mpira ulitoka kwa fundi, ukapita katikati, ukamfikia yule wa Bukundi, naye akatoka nao mbio pekupeku kwenye ule udongo mweusi uliopasukapasuka mpaka akafunga. Tulitoka sare, moja kwa moja. Nikarudi juu ya lori nikiwa na furaha na uchungu, maana sasa ilionekana wazi kwamba msimu mzima ningeweza kufanya hivi.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya Nyalikungu. Tukishinda tunabaki. Nilitaka Bariadi nzima ije ione. Na Bariadi nzima ikaenda kwenye ngoma! Makundi yale mawili, kwa makusudi au kwa upofu, yalipanga pambano lao siku ile ile, saa ile ile, kwenye uwanja wa mnada. Tulicheza mbele ya mwenyekiti, mama wa karanga, wanafunzi wangu wachache walioogopa kutokuja, na mbuzi. Ngoma zilikuwa zinasikika kutoka huko, na vigelegele vyake, ambavyo vilianza kila mara kwetu kukiwa hakuna chochote. Fundi alicheza mechi ambayo sijaiona tena kwa beki yeyote wa wilaya ile. Yule wa Bukundi alifunga mawili. Tulishinda mawili kwa moja, na mbuzi mmoja alikuwa amelala kwenye kona.

Filimbi ya mwisho ilipolia sikusubiri kupeana mikono. Nilikwenda moja kwa moja uwanja wa mnada, na nakiri sikwenda kwa wema. Nilitaka kaka yangu anione usoni. Nilitaka ajue kwamba mshona bukta amefanya alichoshindwa yeye.

Njiani nikamkuta karani amesimama peke yake, pembeni ya watu wa kundi lake, amejipaka vumbi la kucheza.

"Mwadila, mwalimu," akanisalimia. "Tumeshinda?"

"Timu imeshinda," nikamjibu. "Bila ya watu wanaoogopa mguu wa mwenzao."

Alijifuta vumbi usoni, akinitazama. Nadhani alikuwa anapima. Mwisho akasema polepole, "Mwalimu, wewe umesoma. Nahodha alipokupa jezi, aliipitisha mkononi mwa nani?"

Nikasimama. Nikaiona ile jezi tena, imekunjwa, inatoka mkono wa kaka yangu inaingia mkono wa karani, mchana kweupe, katikati ya msimu wa ngoma, mbele ya macho yangu.

"Goti lake limekufa tangu kulima," karani akasema. "Ukimpa mpira aukimbilie, ataanguka watu waone. Tukakubaliana tusimpe. Ulipouliza, nikakosa la kusema, nikasema ngoma. Ukaamini upesi."

"Timu nzima ilijua?"

"Wewe ndiye tulidhani unajua, mpaka ulipouliza. Si unakaa kwake?"

Huyu mtu nilimtoa kwenye timu hana kosa, nikamhutubia kuhusu ujinga mbele ya karai la sabuni, naye akanyamaza ili asimtaje mwenzake. Nilitaka kumwomba radhi, lakini hasira zilikuwa bado zimenijaa na sikujua tena nizielekeze wapi. Nikamwacha pale nikajipenyeza katikati ya watu.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa manju wa kundi lao, mtunzi na mwanzishaji wa nyimbo, na mimi kwa ualimu wangu nilikuwa nimejiona mkubwa mno kwenda kusimama kwenye vumbi kumsikiliza. Miaka yote aliimba akicheza, akiruka mbele ya mstari. Siku ile aliimba amekaa. Walikuwa wamemwekea kigoda katikati, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, goti limefungwa kitambaa chenye dawa ya majani, na limevimba ukubwa wa kibuyu. Wenzake walikuwa wanaruka kumzunguka. Sauti yake ilikuwa ile ile. Mtu huyu nilikuwa ninaishi uani kwake.

Walipopumzika nikamwendea nikachuchumaa kando yake.

"Mmeshinda?" akauliza.

"Tumeshinda, kaka. Mawili kwa moja."

"Yule fundi?"

"Amecheza vizuri sana."

"Nilikuwa nakwambia umwangalie yule," akasema, na ni kweli, aliniambia mwaka uliotangulia, sikumsikiliza.

Nikashindwa kujizuia. "Kwa nini hukuniambia? Ungesema neno moja tu! Msimu mzima nimekuwa mjinga mbele ya watu, nimeosha mpira, nimekutoa kwa aibu. Kwa nini, kaka?"

Alijipapasa goti. Hakuwa na haraka.

"Ningekwambia, ungenionea huruma mbele ya watu, mdogo wangu. Hasira zako nimezizoea."

Wakampigia ngoma aanze tena, akatikisa kichwa kwamba imetosha. Akaniwekea mkono begani, akaniegemea kwa uzito wake wote mpaka akasimama. Watu walikuwa wanatazama, na wanafunzi wangu walikuwa wamefika. Nikakiokota kigoda, nikakiweka kichwani kama wafanyavyo wanawake, nikamfuata nyuma kwa mwendo wake mpaka nyumbani, na ilituchukua muda mrefu sana.