Jinsi Meza ya Pool Ilivyotoka Baa Ikaingia Ukumbini

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya pool nilifika na cherehani. Wakati huo nilikuwa fundi wa kushona viti vya sofa mjini Kitale, na bwana mmoja aliyekuwa na meza za pool katika baa nyingi za huko akanitumia ujumbe kwamba kitambaa cha meza yake kimeraruka. Mimi niliposikia kitambaa, sikuuliza zaidi. Nikaifunga cherehani kwenye keria ya baiskeli nikaenda. Bwana huyo tulimwita Meneja, ingawa biashara ilikuwa yake mwenyewe, kwa sababu hakupenda kuitwa tajiri. Alisimama mlangoni pa baa akanitazama nikihangaika kuteremsha ile mashine.

"Fundi, hii cherehani ni ya nini?"

"Ya kushona, Meneja. Si umesema kitambaa kimeraruka?"

"Na mpira ukifika kwa mshono utafanya aje? Utaruka kama chura? Meza si suruali, bana. Rudisha hiyo kitu kwa baiskeli, harafu kuja nikuonyeshe."

Akanionyesha, na hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ambayo ilinilisha mpaka nikazeeka. Nyinyi vijana mnaiona meza ya pool mkadhani ni mbao na kitambaa. Chini ya kile kitambaa cha kijani kuna jiwe, bamba moja zito lililosuguliwa likawa laini, na kulibeba kunataka wanaume wanne wasio na haraka. Ndiyo maana wezi wakivunja baa huchukua televisheni na kuiacha meza. Kitambaa hakishonwi. Huvutwa juu ya jiwe mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia, kisha hubanwa kwa stepla upande wa chini. Tena kina manyoya madogo yanayolala upande mmoja, na ukikipiga brashi kwa kurudi nyuma umekiharibu. Nilichapwa na maneno ya Meneja mwaka mzima kwa sababu ya hiyo brashi.

Kazi ya pili ilikuwa kusawazisha meza. Unaweka pima maji juu ya jiwe lenyewe kabla ya kulivika, unapandisha mguu huu, unashusha ule. Wenye baa walikuwa na njia yao: vizibo vya soda chini ya miguu. Nimetoa vizibo vya soda chini ya meza za pool kutoka Suam mpaka Kimilili, na kila mwenye baa aliapa kwamba si yeye aliyeviweka.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa sheria za mchezo wenyewe, namaanisha zile za baa. Meza hizo zilimeza sarafu ndipo zitoe mipira. Aliyetaka kucheza aliweka sarafu yake ukingoni, juu ya mbao, na hapo akawa ameshika nafasi yake kwenye foleni. Mshindi habanduki. Aliyeshindwa anaweka chini kijiti cha kupigia mipira na kuondoka, mwenye sarafu inayofuata anaingia, na mshindi anamsubiri amesimama pale pale, akipaka chaki ncha ya kijiti chake. Hapakuwa na refa. Nimeona watu wakimbishia chifu, nimeona watu wakimbishia polisi wa barabarani, lakini sijaona mtu akigusa sarafu ya mwenzake pale ukingoni.

Baadaye Meneja alifungua karakana Bungoma, karibu na msikiti, akanipeleka niisimamie. Siku tuliyoagana Kitale alinipa chai, halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake.

"Fundi, hizi meza zinaleta pesa kwa sababu watu wanakunywa. Lakini iko siku watu watakuja kuangalia mchezo wenyewe, wakiwa hawajakunywa. Hapo ndio kutakuwa biashara."

Nilicheka. Nilimpenda sana yule mzee, na kumpenda hakukunizuia kufikiri kwamba ameanza kuota mchana.

Jirani yangu Bungoma alikuwa Mzee Hamisi, mwenye duka la vitambaa. Mtu wa kofia safi na maneno machache. Binti yake, Zainabu, alimsaidia dukani, na wateja wakipungua alikuja karakana kutazama. Meza ikishatengenezwa lazima ijaribiwe: unasukuma mpira polepole kutoka mwisho huu hadi ule, ukipinda njiani ujue hujamaliza. Kazi hiyo Zainabu aliipenda, nami nikamwachia. Kutoka kusukuma mpira kwa mkono akachukua kijiti, na kabla sijajua akawa ananifunga mimi na kila dereva aliyekuja kubeba meza. Alicheza bila papara. Wengi wetu tukiona mpira uko karibu na shimo tunaupiga tu kwa furaha. Yeye alizunguka meza kwanza, akatafuta mpira mweupe, ule unaopigwa kwa kijiti, utakaa wapi baadaye.

Babake alijua. Milango ya karakana ilikuwa wazi mchana kutwa, naye alituona akiwa dukani. Siku moja nikajipa moyo nikamwambia kwamba Kitale kuna mashindano ya wasichana, katika klabu yenye heshima.

"Inauza pombe?"

"Inauza, mzee. Lakini upande wa pili."

"Na watu wanawekeana pesa?"

Nikakohoa.

"Jirani," akasema, "mimi sina ugomvi na mipira. Kwako ni karakana, acha acheze. Lakini binti yangu hataingia mahali mimi mwenyewe siwezi kuingia. Na mtu akimposa kesho, akienda kwa mumewe, sitamzuia kuuacha huo mchezo. Sasa niambie, nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimeona wachezaji wengi katika maisha yangu, na huyu alikuwa bora kuliko wote, na angeishia kunifunga mimi na madereva.

Ndipo akaja Mwenyekiti. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, akaanzisha chama cha pool cha kaunti, akaniteua refa kwa sababu nilizijua meza. Alitaka pool iheshimiwe. Alituletea kanuni za mashindano za nchi za nje, akaagiza wachezaji wavae vizibao na tai, akatufundisha kwamba watazamaji wakae kimya kama wako kwenye mtihani. Baada ya barua nyingi alimpata mdhamini, kampuni moja ya vinywaji baridi, nayo ikamtuma Afisa Masoko wake kutoka Nairobi, dada mchangamfu mwenye haraka.

"Mzee, mimi napenda pool," akatuambia. "Lakini hatuwezi weka jina yetu kwa baa. Nionyesheni kitu mama anaweza kuja na watoto. Mchana. Nikiona inabamba, watu wanafurahia, tunadhamini ligi. Isipobamba, mtanisamehe."

Tukakodi ukumbi wa mikutano mjini Bungoma, Jumamosi mchana, bila pombe, bila kamari. Mimi nilisawazisha meza ile kana kwamba ninamtandikia bibi harusi kitanda. Nilimwalika Mzee Hamisi kwa mdomo wangu mwenyewe. Akasema atafika baada ya swala ya adhuhuri, kuona tu, na Zainabu asiandikishwe. Niliona kwamba siku ile ikiharibika, hatarudi tena kunisikiliza.

Na ilikuwa inaharibika. Vizibao vilipendeza, ratiba ilibandikwa ukutani, na ukumbi ulikuwa kimya mpaka ukasikia mtu akimenya njugu. Anayeshinda anapeana mkono, anatoka, wanaingia wawili wengine ambao hakuna anayewajua. Akina mama walianza kutazama dirishani. Watoto walilala. Mzee Hamisi alifika na binti yake wakakaa nyuma, naye akapiga miayo bila kujificha. Afisa Masoko alikuwa akisoma simu yake, na mkoba ulikuwa tayari begani.

Ndipo akaingia kijana wa bodaboda kutoka Kimilili, jina la mtaani Tingatinga. Alimshinda mpinzani wake kwa muda mfupi mno, wakapeana mikono. Nikatangaza mechi inayofuata. Tingatinga hakuondoka. Alisimama pale pale mezani, akapaka chaki.

"Tingatinga, umemaliza. Toka," nikamwambia.

"Nitoke niende wapi, refa? Si nimeshinda?"

"Umeshinda, ndiyo unatoka. Utarudi raundi ya pili."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Refa, mwenye ameshinda ndio anatoka? Hiyo ni sheria ya wapi? Mshindi anakaa, bana! Nani mwingine?" Akaugeukia ukumbi. "Nani mwingine?"

Hakuwa na kiburi. Hivyo ndivyo alivyolelewa na meza. Vijana wawili wa Kabuchai waliokuja kutazama tu wakaruka kutoka vitini, wakaweka sarafu ukingoni, moja nyuma ya nyingine. Ukumbi ukalipuka. Akina mama walicheka, watoto wakaamka, watu wakaanza kuita majina. Mwenyekiti alikuja mbio, tai imekwenda upande.

"Mfute huyu mtu mashindanoni! Mara moja! Kanuni ni kanuni!"

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Afisa Masoko. Simu ilikuwa imeingia mkobani, na alikuwa amesimama juu ya vidole vya miguu ili aone.

"Mwenyekiti," nikamnong'oneza, "tazama watu wako. Tumalize ratiba, tutoe kombe. Halafu bingwa abaki mezani, na anayemtaka aweke sarafu. Ukikataa, hawa watu wote watatoka hapa wakaseme pool ni kama kusubiri cheti cha kuzaliwa."

Alihema, akanyoosha tai, akakubali. Nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku nyingine yoyote, kwa maana haikuwa rahisi kwake.

Ratiba ikaisha kwa shangwe, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa akiisubiri ile saa ya mwisho. Tingatinga akachukua kombe, akaliweka chini ya meza, akauliza tena, "Nani mwingine?" Wale wa Kabuchai akawafunga mmoja baada ya mwingine. Ukingo ukabaki mtupu. Akauliza mara ya pili, na ukumbi ukatazamana.

Mzee Hamisi akainuka. Nilidhani anakwenda zake. Akatembea polepole katikati ya viti mpaka mezani, akaingiza mkono mfuko wa kanzu, akaweka sarafu moja ukingoni, akairekebisha kidogo ikae sawa. Alikuwa amekaa pale mchana mmoja tu, na tayari alikuwa ameielewa kazi yetu yote.

"Si yangu," akamwambia Tingatinga. "Ya binti yangu."

Zainabu alikuja na kitambaa chake cha kichwani amekifunga vizuri, akachagua kijiti, akazunguka meza kama kawaida yake. Watu walianza kwa kumcheka na hawakumaliza kicheko. Aliingiza mipira yake yote, ukabaki ule mweusi unaomaliza mchezo, nao ukagonga mdomo wa shimo ukasita, ukakaa. Tingatinga akamaliza mchezo. Zainabu alishindwa, nami niliumia kana kwamba ni mimi niliyeshindwa.

Ikapazwa sauti nyuma yangu. "Refa! Refa, wewe! Hiyo si fauli? Huyo kijana amegusa mpira na shati! Mimi nimeona!"

Alikuwa Mzee Hamisi. Mtu wa maneno machache, kofia imesogea nyuma, kidole usoni pangu. Shati halikugusa kitu. Nilimwambia hivyo, akanibishia mbele ya umati, na nusu ya watu wakamuunga mkono yeye.

Afisa Masoko alimshika Mwenyekiti mkono. "Huyu msichana ni nani? Mbona hayuko kwa ratiba? Mko na ligi ya wanawake?"

Mwenyekiti, mwalimu aliyewachapa wanafunzi wengi kwa kusema uongo, akamtazama machoni akajibu, "Tunayo, madam."

Tukaianzisha Jumatatu.

Kampuni ile ilitia saini, na baadaye wakaja wadhamini wengine. Kila mashindano yetu, Kitale na Bungoma, yana ratiba ya Mwenyekiti na mwisho wake saa ya Tingatinga, na watu hununua tiketi kwa ajili ya vyote viwili. Siwezi kuwadanganya kwamba tumetajirika. Tingatinga bado anaendesha bodaboda siku zisizo za mechi, na Zainabu bado anapima vitambaa dukani. Lakini ameolewa na mtu anayembebea kijiti, na ligi humlipa kwa kucheza. Meneja alifariki kabla ya kuona haya. Huwa namkumbuka sana nikiona akina mama wamepanga foleni mlangoni mchana kweupe.

Mimi niliacha kazi kwa sababu ya macho. Refa asiyeona mpira upi umeguswa kwanza ni hatari kwa taifa. Waliniaga vizuri, wakanipa kiti cha mbele, tiketi ya bure, na Jumamosi iliyofuata ikawa fainali ya wanawake, Zainabu na msichana mmoja mkali wa Kitale.

Mjue kwamba refa hashangilii. Miaka yote ile nimesimama hatua moja tu kutoka kwa yule mtoto, nimemwona akishinda na akishindwa, na uso wangu ulitakiwa uwe kama ukuta. Nikienda nyumbani ndipo nilipopiga ngumi hewani, peke yangu, mke wangu akiniuliza kama ni nyuki. Siku ile nilikaa karibu na Mzee Hamisi. Ulipobaki mpira mweusi peke yake, Zainabu alizunguka meza, akainama, akaupiga, nao ukaingia bila kugusa popote.

Sijui niliinukaje. Nilisimama juu ya kiti, mzee mzima, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika, na machozi yakawa yananitoka tu. Mzee Hamisi alinivuta koti.

"Kaa chini, jirani," akaniambia, naye analia. "Unatuaibisha."

Sikukaa.