Namba Kwenye Kioo cha Mbele

Fundi meno alikuwa bingwa wa adabu, hasa za watu wengine. Ukimsalimia huku mikono umeitia mfukoni, aliitazama hiyo mikono mpaka uitoe. Mteja akiingia anatafuna kitu aliambiwa amalizie nje, ngazini, ingawa mwenyewe fundi alikunywa chai palepale mezani pa kazi, kikombe kikiwa kati ya ufizi wa nta na bakuli la plasta. Mtaani walimwita Bwana Ustaarabu. Yeye maskini alidhani wanamsifu.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani chenye dirisha pana. Kutwa nzima alimimina plasta kwenye vipimo vya vinywa vilivyoletwa na kliniki, akapanga meno bandia moja moja juu ya nta ya rangi ya waridi, akayasugua mpaka yakang'aa kuliko ya kuzaliwa nayo. Kazi aliijua, hilo hatutamnyima. Angeshughulika na meno tu, asingepata mtu wa kumsema.

Shida ilianza aliponunua gari la umeme. Lilikuwa dogo, jeupe, la mkono wa pili, na alilifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kugusa kitu kingine. Alikopanga hapakuwa na pa kulichaji, kwa hiyo alitegemea kituo cha umma kwenye uwanja wa magari nyuma ya maktaba, ng'ambo tu ya barabara, chini ya dirisha lake. Kituo kilikuwa na nguzo mbili za kuchajia chini ya paa la bati. Moja ilikuwa mbovu, na kila uliyemuuliza alikwambia itatengenezwa kesho. Nguzo nzima ilikuwa moja, na walioigombania walikuwa wengi: mwalimu wa udereva, msambazaji wa mikate, nesi anayezungukia wagonjwa majumbani, na wengine wa kupita.

Basi Bwana Ustaarabu akaitisha kikao. Hakuna aliyemtuma. Aliwasimamisha watu juani, yeye akasimama kivulini, akawaeleza maana ya kuishi na wenzako. Kisha akatoa kibao alichokwisha kuandika nyumbani, kwa herufi nzuri za kupinda, akakifunga kwenye nguzo: gari likijaa litoke, kila mtu aache namba yake ya simu kwenye kioo cha mbele, ukipigiwa, shuka usogeze, usichomoe waya wa mwenzako kabla hajamaliza. Watu wakapiga makofi. Nesi alimshukuru kwa mikono miwili. Ilikuwa sheria nzuri, na kwa muda kila mtu aliifuata.

Wa kwanza kuichoka alikuwa mwenye kibao. Si unajua, pale palikuwa na paa. Gari jeupe likikaa kutwa chini ya bati halipigwi na jua, dashibodi haipasuki, viti havichomi makalio. Betri ilijaa kabla ya adhuhuri, taa ya nguzo ikawa kijani, na hapo ndipo simu zilipoanza: mzee, umejaa, naomba nafasi. Alishuka siku za mwanzo, uso umemkunjamana kama aliyelambishwa ndimu, nta ya watu ikipoa juu ya meza. Kisha akapata akili. Akili ya namna hiyo humjia mtu wa namna hiyo.

Alitoa kwenye droo simu yake ya zamani, ndogo, ya vibonye, akaitilia laini mpya. Namba ya laini hiyo akaiandika kwenye kadi, kwa herufi zilezile za kupinda, akaibandika kwenye kioo cha mbele. Na simu yenyewe akaiacha ndani ya gari, juu ya dashibodi, imechomekwa kwenye chaji, mlio umepandishwa hadi mwisho. Kisha akafunga milango, akapanda zake juu.

Unaweza kuuliza kwa nini hakuizima tu. Kwa sababu alikuwa mtu wa adabu! Alishawahi kulifikiria jambo hilo na kulitolea hukumu: anayezima simu ni mshenzi, lakini simu inayoita isipokelewe ni ya mtu mwenye shughuli, na mwenye shughuli halaumiwi. Siku ya kwanza mwalimu wa udereva alipopiga, akasikia mlio unatoka ndani ya gari, akainama, akatega sikio kwenye kioo, kisha akatazama huku na huko kama aliyeibiwa. Bwana Ustaarabu aliyaona yote kutoka dirishani. Alicheka mpaka akalazimika kuyaweka chini meno ya mtu aliyoshika.

Baada ya muda hakuna aliyepiga tena. Wote waliujua mchezo. Msambazaji wa mikate alihamia kituo cha mbali, mwalimu akawa anawahi alfajiri, na nesi, ambaye ratiba yake haikumpa uchaguzi, alikuja, akatazama taa ya kijani, akafyonya, akaondoka na betri iliyobaki. Kadi ilibaki kwenye kioo. Mwenyewe akipita aliinyoosha isipinde.

Namba hiyo aliigundulia na matumizi mengine. Alimpa dada yake.

Dada mkubwa alikuwa na kosa moja, nalo ni kwamba alimpigia kila mara kumuuliza swali lilelile: umepatana na mwanao? Fundi alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo aliolewa na mziba pancha. "Nimemsomesha ili aje anukie matairi?" alisema baba yake, na arusini hakwenda. Akabadilisha laini yake ya simu makusudi, ili binti akipiga akute kimya, ajue. Binti alikuta kimya, akajua, akaacha kupiga. Hapo baba akakasirika zaidi, maana yeye alitarajia aliyeadhibiwa aje amshukuru.

Kisha binti akajifungua. Picha ya mtoto fundi aliiona nyumbani kwa dada yake, akaishika kwa muda mrefu, akajifanya anatazama fremu. "Ameota meno?" aliuliza. Dada alimwambia aende akaangalie mwenyewe. Hakwenda. Ila alirudi karakanani, na kwa plastiki ileile ngumu ya kutengenezea ufizi akatengeneza pete nene ya mtoto ya kung'ata, akaisugua siku kadhaa, akaipitisha ulimini mwake mwenyewe kutafuta mkwaruzo. Akaitia kwenye droo. Alimtaka yule mtoto, tusiseme uongo. Alitaka kumpakata, amtie kidole mdomoni, ahesabu. Kilichomzuia ni kwamba alitaka aletewe, tena kwa heshima.

Mtoto hakuletwa, miezi ikapita, na dada alipozidi kumkera kwa simu, akamwambia amebadilisha namba, akamwandikia ile ya garini. Tangu hapo dada alipiga, simu ikalia peke yake kwenye dashibodi, na fundi akapumua.

Siku moja dada mwenyewe akapanda ngazi, akihema, akaketi bila kukaribishwa.

"Mwanao anahama na mumewe," alisema. "Wanakwenda mbali, mume kapata kazi. Keshokutwa watapita hapa kubadilisha basi. Watakuwa stendi mchana kidogo tu, kisha ndiyo basi tena."

Fundi aliendelea kukwangua nta. "Wasafiri salama."

"Acha ujinga. Anataka umwone mtoto. Nimempa namba yako, atakupigia akifika."

Kisu cha nta kilisimama. "Amesema anataka?"

"Amesema. Tena yeye ndiye ameanza, maana wewe mdomo wako umemiminiwa plasta. Akipiga utakwenda?"

"Akipiga nitakwenda."

"Basi pokea simu, mdogo wangu. Wewe hupokei simu!"

"Nina shughuli, dada."

Dada akajizoazoa akaenda zake. Na huyu mpanga meno mwenye kujua jino lipi linakaa wapi katika kinywa asichokiona, hakujiuliza swali dogo la mtoto wa chekechea: namba ipi?

Siku yenyewe ilipofika alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Alitangulia kituoni mapema, akachomeka waya, akafunga gari na simu yake ndani kama kawaida, akapanda juu. Ile simu yake ya kweli akaiweka mezani juu ya kitambaa safi, mbali na plasta. Pete ya kung'ata akaitoa kwenye droo, akaisugua tena. Angeweza kwenda tu stendi akasimama akangoja, kama watu. Lakini kwenda bila kuitwa aliona ni kujishusha, na yeye bora afe.

Adhuhuri ilipita. Simu ya mezani ilinyamaza. Aliiinua akatazama kama ina mtandao, ulikuwepo, tele. Alipochungulia dirishani aliona gari lake chini ya bati, taa ya kijani, na nyuma yake gari la nesi. Nesi alikuwa amesimama karibu na kioo, akitazama ndani. Kisha akageuza uso juu, kuelekea dirishani. Fundi akarudi nyuma haraka.

Haukupita muda akasikia viatu ngazini.

"Shikamoo, mzee," nesi alisema mlangoni.

"Marahaba. Kama ni nafasi, utaratibu unaujua. Namba iko kwenye kioo."

"Namba ya simu iliyomo garini?"

"Mwanangu, hapo ndipo mnapokosea ninyi vijana. Mtu akiwa na shughuli..."

"Sijaja kwa ajili ya nafasi," nesi alimkatiza. "Simu yako inalia mle ndani. Inalia, inakatika, inalia tena. Hapo chini hakuna anayepiga, mimi simu yangu hii hapa mkononi. Kuna mtu anakutafuta kwelikweli."

Bwana Ustaarabu akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuzijua hila zote za dunia. "Mmebuni nyingine leo. Nishuke, nifungue, basi ukiniona nimeshafungua uniombe nisogee kidogo. Sivyo?"

"Mzee, inalia."

"Iache ilie. Nami nangoja simu ya maana, siwezi kuondoka hapa. Hujafundishwa kwenu kwamba mtu akiwa kazini hasumbuliwi?"

Nesi alimtazama, akatazama ile simu iliyolazwa juu ya kitambaa kama mgonjwa. Alikuwa na mzee wa kufungwa kidonda upande wa pili wa mji, na hakuwa na umeme wa kwenda huko na kurudi. "Haya," alisema. "Mimi nimefikisha." Akashuka. Fundi akasikia gari lake likiondoka polepole, akajipongeza.

Mchana ukaisha hivyo. Jua lilipoanza kulegea, alijua kwamba basi, kama lipo, limekwenda. Ufizi aliokuwa akiupanga uliharibika mara mbili mkononi mwake. "Hakupiga," alisema kwa sauti, chumbani peke yake. "Nilijua tu. Mtoto hana adabu." Macho yalimuuma, akasema ni vumbi la plasta. Akatia pete mfukoni, akafunga karakana, akashuka.

Alipofungua gari, simu ya vibonye ilikuwa imewaka kioo chake kidogo. Simu nyingi zilikuwa zimepigwa, zote kutoka namba moja asiyoijua. "Watu wana kiherehere," alisema, akazifuta zote kwa kidole gumba. Chini yake palibaki ujumbe, naye aliufungua ili aufute pia.

"Baba, ni mimi. Tuko stendi tangu adhuhuri, karibu na kibanda cha tiketi. Najua unaiona simu. Shangazi aliniambia huwa hupokei lakini nilidhani leo utapokea. Ameshaota meno yote ya mbele, nilitaka akuchekee uyaone. Dereva anatuita. Sitakusumbua tena."

Alisoma. Akasoma tena, kwa sauti, kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akapiga ile namba kwa vidole vilivyokosa vibonye, na simu ikaita. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Haikuzimwa, binti yake hakuwa mshenzi. Iliita tu, mbali huko barabarani, bila kupokelewa, na yeye zaidi ya mtu yeyote alijua maana yake.

Aliketi kwenye kiti cha dereva, waya bado umechomekwa, taa ya kijani ikimmulika begani. Pete ya kung'ata aliishika kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Angeweza kuwasha gari alifuate basi, betri ilikuwa imejaa pomoni. Lakini basi gani, na kwa njia ipi? Dada alipomwambia wanahama hakuuliza wanahamia wapi. Alisema wasafiri salama.

Nyuma yake gari likasimama, taa zikawaka. Hakugeuka.

Na ndipo simu ikalia mkononi mwake, kwa mlio ule wa kupasua masikio. Hakutazama namba. Aliibana sikioni kwa mikono yote miwili, pete ikaanguka miguuni.

"Mwanangu!" alipiga kelele. "Mwanangu, nipo! Nipo hapa, usikate!"



"Mzee, ni mimi nesi," sauti ikasema. "Niko hapa nyuma yako, namba niliisoma mchana kwenye kioo. Umejaa tangu asubuhi. Sogeza gari."