Elma Koskela na Kura ya Gari la Wagonjwa

Ukitaka mtu mbishi katika kata ya Salmela, huko juu kabisa kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, watakuelekeza kwa Elma Koskela. Ukimkosa, mumewe Reino atakutosha. Elma aliendesha basi la shule mpaka akastaafu. Alibeba watoto wa kila namna, akawafokea wote sawasawa, na hakuna hata mmoja ambaye Elma aliwahi kumwuliza baba yake ni wa chama gani. Reino alikuwa mkata magogo, mtu wa maneno machache na msimamo usiopinda, na maisha yake yote aliwapigia kura Republican, kama alivyofanya baba yake.

Sasa sikia. Majira ya baridi yaliyopita Reino alitoka sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, taulo kiunoni, akaanguka kwenye theluji kama gogo. Moyo ulimgomea. Elma akapiga simu, akaanza kumkandamiza kifua huku akimtukana asife, na kabla mikono haijachoka taa za gari la wagonjwa zikaonekana barabarani. Dale Lahti, mhudumu wa gari hilo, akaruka chini na mashine yake. Daktari aliwaambia baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu, Elma angekuwa mjane.

Gari lile linakaa palepale katani kwa sababu ya kodi ndogo inayoongezwa juu ya kodi ya nyumba na ardhi, na kila baada ya miaka michache wananchi wanaipigia kura upya. Muda wake ulikuwa unakwisha Desemba. Kura ilipangwa Agosti. Ikikataliwa, gari linaondoka, na mgonjwa atasubiri la mjini, mwendo wa saa nzima barabara ikiwa nzuri. Na barabara za kule huwa nzuri Julai tu. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba moyo wa Reino unaweza kurudia mchezo wake siku yoyote.

Zamani kura hiyo ilipita bila mtu kuumiza kichwa. Mwaka huu vyama vikaingiza pua. Marlene Beaudry, katibu wa Democrat wilayani, alichapisha mabango ya kuitetea ambulensi, akaona haitoshi, akaweka na punda, nembo ya chama chake, pembeni. Haikupita wiki, kila ua wa Republican ukaota bango la kuipinga kodi. Watu waliokuwa hawana habari na kura hiyo sasa wakawa tayari kuifia, upande huu au ule. Upuuzi mtupu.

Elma aling'oa bango la kwanza alilokutana nalo, akaenda nalo mpaka ofisini kwa Marlene.

"Huyu punda anafanya nini hapa?"

"Elma, sisi ndio tunaoitetea ambulensi. Watu wajue."

"Wajue ili iweje? Ilikuwa ya kila mtu. Umeipaka rangi ya chama, sasa nusu ya kata hawaitaki hata bure."

"Usinilaumu mimi kwa roho mbaya ya wenzako."

"Wenzangu nani? Mimi sina chama, nina mgonjwa nyumbani."

Marlene akasema mabango yameshalipiwa. Elma akaliacha lile moja juu ya meza yake, na matope yake.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Reino alikuwa amesimika bango la kukataa kodi mbele ya nyumba, palepale Dale alipoegesha gari siku ile. Jioni moja, wakila pasti, mikate iliyojazwa nyama na viazi, Elma akashindwa kuvumilia.

"Mzee, hebu nieleze kama unavyomweleza mtoto. Gari lilikuokoa. Unalikataa?"

"Silikatai gari. Naikataa kodi."

"Kwani gari linakunywa maji, halitaki mafuta?"

Reino akaweka uma chini. "Kampuni ya mbao ina nusu ya msitu huu. Wakubwa wa jimbo kule Lansing wamewasamehe kodi, eti wataleta ajira. Umeziona ajira? Matajiri wa Chicago wananunua vibanda vya ziwani kwa bei za kichaa, na nyumba yangu nayo inaambiwa imepanda thamani. Imepanda wapi, na paa linavuja? Kila pengo lao naziba mimi. Nimechoka, mke wangu. Nimechoka kabisa."

Yote yalikuwa kweli, na Elma alijua. Hata yeye bili ya kodi ikifika alikuwa anaiacha mezani siku mbili kabla ya kuifungua. "Na msamaha huo wameupitisha nani? Vyama vyote viwili, mikono juu. Wewe una hasira na Lansing, unakwenda kumpiga nayo Dale."

"Lansing siwafikii. Hii kura naifikia."

"Na ukianguka tena Februari?"

"Nikianguka nimeanguka. Sijamwomba mtu anilipie uhai wangu."

Maneno hayo yalimchoma Elma kuliko alivyoonyesha. Aliosha vyombo kwa kishindo, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi za nyuma, mbu wakimla, akalia. Kisha akajifuta, akakata shauri. Kwa mume atashindwa, sawa. Kata ina watu wengine.

Akaanza kugonga milango. Hakubeba kijikaratasi wala picha ya mtu. Waliomfungia mlango aliwarudia. Wengi walikuwa wamepanda basi lake utotoni, na ni vigumu kumfukuza mtu aliyewahi kukufuta makamasi. Kisha akaenda dukani akabandika tangazo: asiye na usafiri siku ya kura ampigie Elma Koskela, atampeleka, awe anasema ndiyo au hapana.

Marlene alipoliona alimpigia simu. "Hapana pia unawabeba?"

"Mtoto wa basi ni mtoto wa basi."

Siku ya kura, asubuhi, Reino alivaa shati la kanisani akaketi mlangoni. Daktari alikuwa amempiga marufuku kuendesha gari. Angeweza kupiga kura kwa posta kama wazee wengine, lakini watu wa chama chake walikuwa wamemwambia kura ya posta ni ya wezi, naye akaamini. Hivyo basi mpinzani mkubwa wa kodi ile hakuwa na njia ya kufika ukumbini ila kwa gari la mkewe.

Simu ikalia. Marlene tena. "Elma, kura zinakaribiana sana. Mwambie Reino gari limegoma. Nani atajua?"

Elma alimtazama mumewe kupitia kioo cha dirisha. Alikuwa amekonda tangu baridi, shati limekuwa pana shingoni. Nani atajua, kweli? Alikuwa anataka kumwokoa mtu huyohuyo aliyeketi pale mlangoni. Kutogeuza ufunguo tu, basi. Alisimama hapo jikoni, simu sikioni, na sitakudanganya, alitamani.

"Nitajua mimi," akasema, akakata.

Wakampitia Hazel Trevarrow, bibi jirani aliyekuwa na bango kubwa kuliko yote la kukataa kodi. Hazel aliingia na fimbo yake na pakiti ya biskuti.

"Mumeo amekushinda, eh?" akamtania.

"Bado. Funga mkanda, Bi Hazel."

Ukumbini Elma alipiga kura yake akasubiri. Agosti kule, pamoja na kura ya kodi, unachagua watakaogombea Novemba kwa kila chama, na lazima ubaki safu ya chama kimoja. Ukivuka, karatasi inakataliwa. Reino alitumbukiza yake, mashine ikamrudishia. Karani wa kata, Connie, akaja akaitazama, akajizuia kucheka.

"Mzee Reino, umevuka mstari. Juu umechagua Republican, huku chini umemchagua Dale Lahti, udiwani wa wilaya. Dale ni Democrat."

"Najua. Ndiye aliyeniamsha."

"Basi chagua upande mmoja nikupe karatasi mpya."

"Yaani mashine ndiyo inanipangia mtu wa kumshukuru?"

"Ndivyo ilivyo, mzee. Sikuitunga mimi."

Reino alisimama mbele ya karatasi mpya mpaka Hazel akamaliza biskuti zake. Kisha akajaza, akatumbukiza, akatoka bila kumwangalia mtu. Garini, walipokuwa wanavuka daraja, akamgeukia Elma.

"Nilitaka kumpa Dale kura yake, nikabaki na chama," akasema.

"Na kwenye kodi ulijaza nini?"

"Hapana. Nilikwambia hapana."

"Nimesikia," Elma akasema. Akawashusha wote wawili, akageuza gari, akaenda kuwafuata wengine mpaka vituo vikafungwa.

Jioni watu walijaa ukumbini, Republican huku, Democrat kule, katikati njia tupu kama kwenye harusi ya koo zenye ugomvi. Elma na Reino walisimama kwenye ile njia. Connie akasoma. Ndiyo, mia mbili kumi na moja. Hapana, mia mbili kumi na mbili.

Upande mmoja ukapiga makofi. Marlene akamgeukia Elma, macho yamemtoka. "Kura moja! Na wewe umewabeba wawili wa hapana kwa mikono yako."

Hesabu hiyo Elma alikuwa ameshaipiga kabla Marlene hajafungua mdomo. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya bodi ya kata.

"Swali hili linaweza kurudi kwenye kura ya Novemba?"

Mwenyekiti akakuna shavu. "Bodi ikilipitisha wiki hii, linaweza. Lakini Elma, wananchi wameshasema."

"Wamesema kwa kura moja. Andika jina langu, nitazungumza kwenye kikao. Na safari hii atakayebandika punda wa Democrat au tembo wa Republican kwenye ambulensi atanijua."

Aliporudi, Reino alikuwa palepale, kofia mkononi. Uso ulikuwa umempauka. Nje, karibu na gari, ndipo aliposema.

"Ungetuacha nyumbani, mimi na Hazel, ungeshinda."

"Najua."

"Kwa nini hukutuacha?"

"Kwa sababu kura ni yako. Ndiyo maana inaniuma hivi." Elma akamfungulia mlango, akamshika kiwiko mpaka akakaa. "Novemba nitakupeleka tena. Una miezi mitatu ya kufikiri, Reino Koskela. Nakuomba usife kabla."