Mkate wa Kihagara

Mwalimu Kunigunda alikuwa Mkatoliki wa Mapera, kijiji cha milimani, tangu mgongoni mwa mama yake, na hakuhitaji mtu wa kumkumbusha. Alisomeshwa na masista, akafundisha hadi kustaafu, akamzika mumewe Romanus kwa heshima zote za kanisa. Ndiyo maana habari ya alichokifanya ziwani ilipopanda mlima, watu waliipokea kama asali.

Binti yake Hedwiga aliolewa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kijana Mwanglikana aitwaye Allen. Msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kufika Mapera na malori yao, na Kunigunda akapata lifti ya kuteremka ziwani kwa ubatizo wa mjukuu. Kanisani alikuta ubani, kengele, padre ndani ya vazi la kasula, na Bikira Maria pembeni na mishumaa yake. Waanglikana wa ziwani wamekuwa hivyo tangu enzi za mababu. Zamu ya benchi lake ilipofika, miguu ilimpeleka yenyewe. Alikwisha kupokea komunyo na kumeza ndipo alipokumbuka yuko kwa nani.

Mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Mapera alikuwa mlangoni mwa kanisa, akamwona akipokea. Hiyo ilitosha.

Sasa mwaka wa kifo cha Romanus ulikuwa unatimia. Siku hiyo jumuiya ya Wakatoliki majirani hukusanyika nyumbani, padre akasoma misa, na msalaba wa saruji ukasimikwa kaburini. Jumuiya isipomwomba, padre haji. Katekista Othmar akafika na Edmund, mdogo wa marehemu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaeni. Lililowaleta nalijua."

Othmar alikohoa. "Jumuiya haitaki makubwa. Simama mbele yetu useme ulichokula Kihagara kilikuwa mkate tu. Basi. Jumamosi tunakuja wote na sufuria zetu."

"Othmar, katekisimu nilikufundisha mimi, na ulikuwa unasinzia. Nilipokea pasipo ruhusa. Hilo nitaliungama kwa padre, kitubioni. Lakini neno la mkate tu, silisemi."

"Kwani wao wana nini? Papa hawamtaki."

"Papa muulize padre. Mimi niliona watu wamepiga magoti. Mjukuu wangu atakua akipiga magoti palepale. Hataambiwa kwamba bibi yake alisimama Mapera akamcheka."

Edmund alijaribu kwa upole. "Shemeji, neno halivunji mfupa. Kaka akose misa kwa ajili ya Waanglikana?"

Hapo palimchoma. Romanus hakuwahi kukosa misa maishani mwake. Kunigunda alitazama mikahawa aliyoipanda marehemu, akasema, "Kaka yako alinioa akiujua mdomo wangu. Jumamosi ni palepale. Atakayekuja, aje."

Jumamosi padre hakuja. Walikuja wakwe, juu ya lori, na vikapu vya usipa. Mama yake Allen, Eunice, aliuona ua mtupu akaelewa kuwa jumuiya imemsusa kwa ajili ya komunyo ile.

"Mkwe wangu, turudi? Tumekuharibia."

"Mama, umepanda mlima wote huu ili urudi? Njoo usimame mbele."

Edmund, kwa aibu au kwa damu, alishika koleo. Msalaba ulipokaa sawa, Kunigunda akaanzisha litania ya watakatifu kwa sauti ya darasani. Watu wa ziwani walijibu "utuombee" bila kukosea hata mara moja. Tadea, jirani, alikuwa akisikiliza nyuma ya mikahawa. Akajitokeza, kitenge kichwani, akajibu nao. Wengine wachache wakamfuata. Othmar alibaki njiani.

Walipomaliza kula, Othmar alimwita Kunigunda pembeni.

"Umejiongozea ibada, Mwalimu. Sasa kesho usije ukasogea kupokea mpaka ulitamke lile neno."

"Sitasogea. Lakini kanisani nitakuja."

Asubuhi yake aliingia kanisani mapema, akakaa benchi la mbele kabisa, pembeni mwa njia, mahali alipokaa na Romanus miaka yote. Wakati wa komunyo benchi zima lilibidi limpite yeye. Hakuinamisha uso. Alikunja miguu kuwapisha, mmoja mmoja, akamwitikia shikamoo kila aliyethubutu kumwamkia. Jumapili iliyofuata alikaa hapohapo. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita, na neno lile hakulisema.