Ruhusa Haikuwa Kwenye Menyu

Yote yalianza kwa sababu niliwahi kunyamazisha projekta iliyokuwa ikipiga kelele kama jenereta. Mwalimu wa kompyuta alipokwenda likizo ya uzazi, naibu mkuu wa shule yetu hapa Jinja akakumbuka ushujaa ule, akanikabidhi mfumo wa shule kama mtu anayekabidhi mbuzi mgonjwa.

"Wewe unaelewa mashine," alisema. "Mimi naelewa watu."

Mfumo wenyewe ndio huo tunaosomea: kazi za nyumbani, alama, ratiba, vyote vimo. Ukiufungua, upande wa kushoto kuna menyu, na kila kilichoandikwa pale ni nyongeza, kiprogramu kidogo ambacho mtu fulani alikipakia siku fulani akakisahau. Kulikuwa na nyongeza ya hali ya hewa, kana kwamba Jinja hakuna madirisha. Kulikuwa na kalenda mbili zilizogombana. Kulikuwa na nyongeza ya mnada. Hadi leo sijui tulitaka kumuuza nani.

Amri ilikuwa moja: safisha. Na kusafisha ni rahisi. Unaingia kwenye mipangilio, kila nyongeza ina tiki yake. Ukiondoa tiki, inatoweka kwenye menyu, lakini bado ipo ndani, imelala tu. Nikamweleza naibu.

"Kwa hiyo imefukuzwa?"

"Hapana, afande. Imefichwa."

"Askari hafichwi. Anapewa uhamisho."

Kabla ya ualimu alikuwa jeshini, na shule nzima humwita afande. Ukimwita "sir" anatazama nyuma kuona nani ameingia.

Kazi ya dakika chache ikala wiki nzima, kwa sababu walimu walipata habari. Wa kemia akaja kudai nyongeza yake ikae juu ya hesabu. Wa kwaya akasema haiwezekani michezo itangulie sifa za Mungu. Nikipandisha hii, yule ananuna. Nikishusha ile, huyu ananiuliza kama nimesahau nani anasahihisha mtihani wangu. Mwisho naibu akapiga meza. "Menyu ni gwaride. Panga kwa vyeo!" Basi juu kabisa zikakaa hotuba za mkuu wa shule, ambazo hazijawahi kufunguliwa na kiumbe, na kazi za nyumbani zikaenda chini kabisa, kwetu sisi raia.

Halafu kidole chake kikatua kwenye Ruhusa.

Hiyo ndiyo nyongeza ambayo mzazi anaibonyeza kwenye simu yake kusema mtoto atoke shuleni. Bila hiyo mlinzi wa geti hakuachii hata kama unaungua moto.

"Hii inafanya nini hapa mbele ya watu?"

"Ni ya wazazi, afande."

"Kijana, ruhusa haianikwi kama nguo. Ruhusa inaombwa. Toa."

"Lakini wazazi wata..."

"Toa!"

Nikatoa tiki. Ningefanya nini, nimpige?

Sasa sikia balaa langu. Huu ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara yetu sisi Wagisu, na Jumamosi ile kaka yangu mkubwa alikuwa asimame mbele ya kisu kwetu, nje kidogo ya Mbale. Kabla ya hapo kijana anacheza kutoka nyumba hadi nyumba ya ndugu zake, njuga mapajani, na nduguye anakimbia kando yake akiitikia nyimbo. Nduguye ni mimi. Hana mwingine.

Alinipigia kwa simu ya mama. "Usipokuja nitawaambia watu wewe ndiye ulilia."

"Unakatwa wewe, nilie mimi kwa nini?"

"Ndiyo maana uje uone." Akashusha sauti. "Njoo, bwana."

Kaka yangu huniita nyani, huniita kichwa cha sufuria. Bwana hajawahi. Nikajua anaogopa, nami nikaanza kuogopa kwa niaba yake.

Mama yetu ni askari magereza huko Mbale. Alhamisi akanipigia. "Ruhusa haipo. Nimeona hotuba za mkuu, nimeona kwaya. Ruhusa haipo."

Nikamtuliza: mama, imefichwa tu, haijafa. Andika anwani hii niliyokutumia pale juu, itafunguka yenyewe. Ni kama lile tundu la ua nyuma ya jiko kule kwenye kambi ya magereza tulikokulia, tulilokuwa tunapitia kwenda kununua chapati.

"Mtoto wangu, kazi yangu ni nini?"

"Kulinda wafungwa, mama."

"Wanatorokea wapi?"

"Kwenye tundu."

"Na wewe unataka mimi, na yunifomu yangu, nipite kwenye tundu?"

"Ni kwenye simu tu, mama!"

"Tundu ni tundu."

Jamani! Mmoja hataki ruhusa ionekane, mwingine hataki kupitia kisichoonekana, na mimi katikati nimeshika funguo zote nisiweze kufungua kitu. Ningerudisha tiki kimyakimya, lakini naibu alikagua menyu kila asubuhi kama anavyokagua vitanda bwenini. Ningejikubalia kwa jina la mama, mwenyewe angejua kabla sijafika hata Bugembe, hapo tu nje ya mji, na kisu kingepata kazi ya pili.

Nikaenda kwa naibu. "Afande, naomba Ruhusa irudi."

"Nani anaomba?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

Nikarudi darasani nikijiuliza swali hilohilo.

Ijumaa, nikiwa ofisini kwake kupandisha kwaya kwa mara nyingine, simu yake ililia. Akaiweka spika.

"Jambo, afande," ilisema sauti ya mama yangu. "Naomba ruhusa ya kuonyeshwa ruhusa."

Naibu akasimama. Kwa simu! "Jambo, afande. Unatoka kituo gani?"

Wakaanza habari za vituo, uhamisho, nani alistaafu, nani ana kisukari. Nilitaka kula kibodi. Hatimaye akasema, "Umeomba vizuri. Kijana, weka tiki."

Nikaweka.

"Bado sioni," mama akasema.

"Toka kwenye mfumo, uingie tena."

"Nitoke niende wapi?"

Akatoka. Neno la siri likagoma. Akalijaribu kwa sauti, herufi kwa herufi, na lilikuwa jina nililoitwa nilipokuwa bado nakojoa kitandani. Sitaliandika hapa. Naibu alikohoa sana, akatazama dirishani. Kisha mama akabonyeza, na kwenye skrini yangu ikaja kijani: Amekubaliwa.

"Sasa toa tiki," naibu akasema.

"Lakini afande, wazazi wengine..."

"Nao wataomba."

Nikatoa. Ruhusa ikalala tena.

Jumamosi kaka alikuwa uani, uso mweupe kwa unga, njuga zikilia, macho yakitafuta mtu kwenye umati. Mama alifika moja kwa moja kutoka zamu, bado na yunifomu. Akasimama kando yangu bila kunitazama.

"Ulipita geti?"

"Geti, afande."

"Basi imba."